Milimita Moja na Nusu

Jumatatu, 2 Februari

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kuandika joto la kompyuta, si habari za moyo. Lakini ukurasa ni mkubwa na joto ni namba moja tu, kwa hiyo acha nijaze.

Leo: dakika 41, nyuzi 100, ikazima yenyewe.

Chanzo cha yote ni koo la dada. Daktari ametupa tarehe: Alhamisi, 12 Machi. Uvimbe utatolewa, na kisanduku cha sauti kitatoka nao. "Atapona," alisema, "ila hatazungumza tena kwa sauti yake." Dada yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, mwaka wa ishirini na mbili huu. Watoto wanamwita Kengele, kwa sababu akisema "keti" darasani, hata walio uwanjani wanakaa.

Mimi ni mdogo wake, mhariri wa sauti katika studio ndogo ya matangazo ya biashara. Nina programu ambayo ukiipa saa za kutosha za mtu akisoma, inajifunza sauti yake. Baadaye mtu huyo anaandika kwenye simu, na simu inasema kwa sauti hiyo hiyo. Dada alikubali kwa sharti moja: sauti yake isitoke nje ya nyumba. Hataki ipelekwe kwa watu asiowajua, wakaifanye itangaze sabuni. Basi kazi yote inafanyika kwenye kompyuta yangu, chumbani kwangu, chini ya bati, msimu wa joto.

Na lazima ifanyike kabla ya upasuaji. Nikisikia mashine ilichojifunza ndipo nitajua inakosa nini, nimrekodi tena. Baada ya tarehe 12 hakuna wa kumrekodi.

Programu huhifadhi ilichojifunza kila baada ya mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja ni saa tano. Kompyuta yangu inakufa kwa dakika 41. Hesabu hiyo hata wanafunzi wa dada wanaiweza.

Jumanne, 3 Februari

Dakika 38. Nimeivua ubavu ipumue. Haikusaidia.

Jumatano, 4 Februari

Dakika 52, na feni ya mezani ikipuliza ndani. Mama, ambaye ninaishi naye, amesema feni ni yake na yeye pia ana joto.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeenda dukani kuulizia kipozaji kikubwa. Muuzaji akasema kinaagizwa, wiki sita.

"Agiza leo, mwisho wa mwezi wa tatu unacho mkononi."

"Mwisho wa mwezi wa tatu hakitanifaa."

Akadhani naringa ili anipunguzie bei.

Mama ameshauri tuifunike mashine kitambaa chenye maji. "Mtoto akiwa na homa tunafanyaje?" Nikamwambia mashine na maji haviivi chungu kimoja. Akasema haya, mimi si nimezaa tu, sikusoma.

Dakika 40.

Jumapili, 8 Februari

Tumerekodi saa mbili na nusu. Nilimketisha dada ndani ya kabati langu la nguo, mlango wazi, blanketi nyuma yake ili chumba kisirudishe mwangwi. Alisoma sentensi mia tatu nilizomwandalia, za magazeti na za vitabu. Sauti bado ni nzuri, ila kila baada ya ukurasa anameza mate kama mtu anayemeza kijiwe.

Mume wake alikaa mlangoni kuzuia watu wasipige hodi. Hiyo ndiyo kazi aliyoweza kupewa. Shemeji yangu ni fundi wa funguo, ana kibanda kikubwa kama jokofu, na ukimuuliza kitu kitakuwa tayari lini, jibu ni "kesho." Ndiyo maana hapa nyumbani tunamwita Kesho. Hata harusi yao iliahirishwa mara mbili. Miaka kumi na minane sasa, sijaelewa dada aliona nini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za shemeji zimeanza kuachia uwanja.

Jumatano, 11 Februari

Mama alikuwa sahihi nusu, na sitamwambia.

Nimekumbuka boksi lililo chini ya kitanda. Studio ilipotupa kompyuta yake ya zamani, mimi niliokota mfumo wake wa kupoza kwa maji: pampu, rejeta ndogo kama ya pikipiki, mipira miwili, na bloku ya shaba nzito kama jiwe la kusagia. Bloku inakaa juu ya prosesa, yaani ile sehemu inayofikiri na kuchemka. Maji yanapita ndani ya bloku, yanabeba joto, yanaenda kupoa kwenye rejeta, yanarudi. Nimeijaribu pampu ndani ya ndoo, bado inanguruma.

Bloku inashikiliwa na breketi, bamba la chuma lenye masikio manne. Kila sikio lina tundu, skrubu inapita humo hadi kwenye bodi ya kompyuta. Nikaiweka juu ya bodi yangu kwa shangwe. Skrubu haziingii. Bodi za zamani matundu yake yameachana milimita sabini na tano; ya kwangu sabini na nane.

Milimita tatu. Nimekaa sakafuni nikizitazama. Milimita tatu zimesimama kati ya dada yangu na sauti yake.

Alhamisi, 12 Februari

Mwezi mmoja kamili umebaki. Dakika 37.

Jumamosi, 14 Februari

Sina jiliwa la kubania chuma wala tupa ya kukikwangua. Dada akasema, "Si umpelekee shemeji yako." Nikasema nitatafuta fundi wa maana. Akanitazama vile anavyomtazama mtoto aliyejisaidia darasani, kwa huruma na kwa ukali pamoja. Nikaenda.

Nilimwandikia karatasi ili pasiwe na kuelewana vibaya. Aliisoma mara mbili, akaishika breketi, akaipitisha kidole gumba kwenye kila sikio.

"Kila sikio tatu, shemeji?"

"Kila sikio, kwenda nje."

"Huku nje patabaki chuma chembamba."

"Fanya kama nilivyoandika, shemeji. Mimi ndiye ninayeijua mashine."

"Sawa. Njoo kesho."

Jumapili, 15 Februari

Kesho.

Jumatatu, 16 Februari

Kesho.

Jumanne, 17 Februari

Nimepita kibandani wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameinama na tupa nyembamba kama njiti ya kiberiti, akikwangua mara mbili, akipuliza, akitazama, akikwangua mara moja. Watu wanne wanangoja funguo zao. Nikamuuliza lini. Alijibu bila kuinua kichwa, na nadhani msomaji ameshajua alijibu nini.

Dakika 36. Bati linapasuka kwa joto kuanzia saa nne asubuhi.

Jumatano, 18 Februari

Sauti ya dada imeanza kwenda na kurudi. Asubuhi ni kengele ya shule, jioni ni kengele ya baiskeli iliyonyeshewa. Daktari amemkataza kupaza sauti kwa namna yoyote. Shule imempa likizo. Nimemrekodi robo saa tu.

Ijumaa, 20 Februari

Nitaandika yote, hata yanayonifedhehesha.

Shemeji alileta breketi jioni, imefungwa kwenye kitambaa. Dada alikuja naye, Mama akavuta kiti mlangoni. Matundu yalikuwa yamegeuka marefu, laini, safi. Skrubu ziliingia. Kwa dakika tano hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Nikaanza kukaza, moja moja kwa kupokezana, kama inavyotakiwa, na springi za skrubu zikaanza kushuka. Mzunguko wa sita, sikio la kwanza likakatika. Likatoa sauti ndogo, kama ukucha. Kisha la pili, upande wa pili. Breketi ikainuka upande mmoja na kubaki imening'inia.

Breketi hii haiuzwi popote. Aliyeitengeneza aliacha kuitengeneza zamani.

Nilimgeukia shemeji. Nilimwambia siku sita amekaa na kitu cha saa moja, na bado amekiharibu. Nilimwambia tangu aingie kwenye ukoo huu hajawahi kumaliza jambo likamalizika. Nilimwambia angekuwa mume wa maana angekuwa ameshaona kwamba mke wake hana "kesho" za kugawa ovyo. Hilo la mwisho nililisema polepole, ili limwingie vizuri. Yeye aliinama pale akikiokota kile kipande cha sikio kutoka sakafuni.

Aliyejibu ni dada. Alisimama akaita jina langu kwa sauti ile ya darasani, sauti nzima, na akaongeza, "Nyamaza." Kisha sauti ikakatika katikati ya hewa. Alifungua mdomo tena na hakikutoka kitu, upepo tu. Akashika koo. Tulimtazama wote, na yeye akatutazama, na nikaona hofu ambayo hajawahi kunionyesha hata siku alipopewa majibu.

Shemeji alimfunga mtandio shingoni, akamshika mkono, wakaondoka. Mama alibaki mlangoni.

"Sasa umefurahi," aliniambia, na akaenda kulala na jua bado lipo.

Jumamosi, 21 Februari

Asubuhi nimeokota karatasi yangu chini ya meza. Ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na breketi. Mwandiko wangu: "Ongeza milimita 3 kila sikio."

Kutoka tundu hadi tundu ni milimita tatu zaidi. Lakini matundu ni mawili, na kila moja linasogea upande wake. Kila moja lilitakiwa kusogea milimita moja na nusu. Nimeandika mara mbili ya kilichotakiwa. Chuma kilichobaki nje ya tundu kilikuwa chembamba kama gamba, na kimebaki hapo kwa sababu mtu alikikwangua siku sita kwa tupa ya kitoto badala ya kukitoboa kwa keekee na kukimaliza.

Nikaenda kibandani bila kunywa chai. Nilimkuta ameshafungua. Nilimpa karatasi, nikamwonyesha, nikamweleza hesabu, na sikuzungusha maneno. Nilimwambia kosa ni langu na maneno yote ya jana nayo ni yangu, na kwamba naomba radhi.

"Najua, shemeji."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Alilisema bila kinyongo, kama anayenikumbusha nilipoweka miwani. Nikakumbuka kidole chake gumba kikipita kwenye masikio. Alisema kweli, na mimi nilimjibu kwamba mashine naijua mimi.

"Yamekwisha," akasema. "Dada yako ameamka vizuri, ila hatoi sauti. Daktari kamwambia anyamaze siku nne tano, huenda ikarudi. Kaa hapo, unishikie hiki."

Kilikuwa bamba la kitasa cha zamani cha mlango wa chuma, nene mara mbili ya breketi. Tayari ameshalichora kwa sindano: masikio manne, na matundu mahali pake, sabini na nane. Alikuwa ameipima bodi yangu jana wakati mimi nikipayuka.

Jumapili, 22 Februari

Dada yuko kimya. Anaandika kwenye ubao mdogo wa watoto. Ameniandikia: "Bado nimekasirika. Leta matunda." Nimepeleka.

Sikujaribu kompyuta leo. Sina nguvu ya kuiona ikizima.

Jumanne, 24 Februari

Sauti imerudi. Nyembamba, imekwaruza, lakini imerudi. Alinipigia simu asubuhi, akasema tu, "Mdogo wangu, mimi huyu," na nikakaa chini kwenye ngazi za studio nikalia hadi bosi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Jumatano, 25 Februari

Breketi mpya iko tayari. Ni nzito, ina rangi ya risasi, na kwenye kona moja bado yapo maandishi nusu ya kitasa. Imeingia kwenye bodi bila kubishana. Tumefunga, tumewasha pampu, tumewasha kompyuta.

Nyuzi 100 ndani ya dakika mbili.

Mimi niko hivi: kitu kikikataa, nakaza zaidi. Nilishachukua bisibisi. Shemeji akaniwekea mkono mbele.

"Ufunguo ukikataa usiulazimishe, utakatikia ndani. Uulize kwanza."

Tukafungua. Ile grisi ya kupitisha joto niliyopaka juu ya prosesa ilikuwa imebaki vile vile nilivyoipaka, hata haijabonyea. Bloku haikuwa imegusa kitu.

Akaifuta grisi kwa spiriti, akawasha mshumaa. Nikamuuliza kama tunaomba. Akacheka. Akaelezea: akichonga ufunguo wa kitasa ambacho hana mfano wake, anaupitisha ufunguo mbichi kwenye moshi mpaka uwe mweusi, anauingiza, anauchezesha kidogo, anautoa. Pale masizi yalipofutika ndipo kitasa kinapogusa, na ndipo pa kukwangua. Amefungua nusu ya milango ya mtaa huu kwa namna hiyo. Miaka kumi na minane nimepita mbele ya kibanda hicho na sikuwahi kusimama kuona anafanya nini na mshumaa mchana kweupe.

Akaitia bloku masizi tumboni. Tukaifunga, tukaifungua. Masizi yote yapo. Akaomba karatasi. Nilikuwa na daftari hili tu. Akachana ukurasa, akakata vipande, akaviweka kati ya bloku na prosesa, kimoja. Funga, fungua. Viwili. Funga, fungua. Kilipofika cha nane, masizi yakafutika kidogo pembeni.

"Karatasi nane," akasema. "Viguu vyako virefu."

Ni kweli. Breketi inakalia viguu vinne vya shaba, na prosesa za siku hizi zimekaa chini kidogo kuliko zile za zamani. Hilo nililisoma mahali na nikalisahau, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya milimita tatu zangu.

"Ni kazi ya muda gani?" nilimuuliza.

Akafikiri sana. "Kesho kutwa," akasema, na kwa mara ya kwanza niliisikia kama ahadi ya mtu asiyetaka kudanganya.

Alhamisi, 26 Februari

Nimelala saa tisa mfululizo. Sijui kwa nini, mashine bado haijapona.

Ijumaa, 27 Februari

Nimeomba ruhusa studio nikakae kibandani. Alivifunga viguu vyote vinne pamoja kwenye jiliwa, vimesimama kama ndugu wanaopigwa picha, akavipitishia tupa kwa pamoja. Nikimuuliza kwa nini asivifanye kimoja kimoja, haraka zaidi, ananijibu kwamba kimoja kikizidi unywele tu, bloku itaegemea, na kitu kinachoegemea kinadanganya. Anapima kwa karatasi: kila baada ya mikwaruzo kumi anavifungua na kuvilinganisha na rundo la karatasi tisa. Nane za kugusa na moja ya kukandamiza.

Mama mmoja alikuja kudai ufunguo wa stoo. "Kesho, mama," akamwambia. Mama yule akanigeukia mimi. "Huyu kaka ana kesho nyingi, lakini ufunguo wake haujawahi kunikwama." Nimeona vizuri niyaandike maneno hayo.

Jumamosi, 28 Februari

Masizi yamefutika kote, kona hadi kona, mraba wa shaba unang'aa katikati. Shemeji alinionyesha. Nikamwambia ni kazi nzuri. Akasema, "Imekubali yenyewe."

Leo maji yanazunguka bila umeme wa kompyuta, pampu peke yake, na karatasi za choo chini ya kila kiungo cha mpira. Hadi kesho asubuhi. Nimezitazama karatasi hizo zaidi ya ninavyotazama televisheni. Ni kavu.

Jumapili, 1 Machi

Saa moja asubuhi nimewasha. Dakika 10, nyuzi 59. Dakika 41, nyuzi 61. Nilisimama dakika hiyo ilipopita. Saa mbili, 61. Saa tatu, 62. Shemeji alikuja baada ya saa nne, akaketi kitandani, na tukakaa wawili tukitazama namba kama watu wanaoangalia mpira. Saa sita na dakika kumi mchana mashine ikaandika: mzunguko wa kwanza umehifadhiwa.

Alivua kofia akajipepea. Macho yake yalikuwa mekundu, nikaenda kumletea maji ili asijue kwamba nimeona.

Mama alichungulia. "Kwa hiyo mmeiwekea maji."

"Tumeiwekea, Mama."

"Haya. Mimi sikusoma."

Jumatatu, 2 Machi

62. Mizunguko mitano.

Jumanne, 3 Machi

62.

Jumatano, 4 Machi

63. Joto kali nje. Ndani ya kompyuta wanaishi vizuri kuliko sisi.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua ya kwanza imepiga bati saa kumi jioni. 58. Mama amerudishiwa feni na sasa hana haja nayo.

Jumamosi, 7 Machi

Dada amekuja kujisikia. Nikaandika sentensi moja, mashine ikasema: "Habari za asubuhi, watoto, naomba mkae."

Ilikuwa yeye. Mkwaruzo wake kwenye "watoto," pumzi yake kabla ya "naomba." Mama alijifunika mdomo. Lakini dada alikunja uso.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi siombi hivyo. Huyu anaomba ruhusa ya kuishi." Alipumzika, akameza. "Darasa la kwanza wangemla mbichi."

Ana haki. Nilimpa sentensi za magazeti, akazisoma kwa heshima, na mashine imejifunza heshima. Haijui kukemea, haijui kutania, haijui kucheka. Kengele nimeitia pamba mimi mwenyewe. Zimebaki siku tano, na mashine sasa inaweza kuzitumia zote.

Jumapili, 8 Machi

Nilimuuliza akiwa na nani anaongea bila kujipanga. Akamnyooshea kidole mume wake.

Nikawaweka wote wawili chumbani, maikrofoni karibu na dada, nikatoka na kusikiliza kwa visikizio ukumbini. Alianza kwa kumwambia kwamba shati lile ni la kwenda kuazima ngazi, si la kwenda hospitali. Shemeji akasema ndilo lenye mfuko. Akamchamba kuhusu mfuko. Akamkumbusha siku alipofunga ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba, yeye, fundi funguo, na akaanza kucheka, kicheko chake kizima kile kinachoishia na kikohozi. Niliandika dakika pembeni: kukemea, dakika ya tatu, kicheko, ya saba. Shemeji alikuwa anasema kidogo sana. Alikuwa anamchokoza kwa neno moja moja, kwa makusudi, na kungoja. Sikujua kama ni mcheshi. Nilikuwa nadhani ni mzito.

Kisha kikohozi kikatulia.

"Unaogopa?" dada alimuuliza.

"Naogopa."

"Na mimi."

Nilivua visikizio nikaviweka mezani. Sehemu hiyo sikuipa mashine.

Jumanne, 10 Machi

61. Mizunguko minne na sauti mpya. Nimeandika "Keti," neno moja tu, nikaiacha iseme. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Aliketi.

Dada amecheka bila kutoa sauti, akaninyooshea kidole gumba. Sauti imeingia kwenye simu yake, na simu yangu, na ya shemeji.

Alhamisi, 12 Machi

Walimwingiza saa mbili asubuhi. Kabla ya kuingia alimwambia shemeji kitu sikioni, kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo ni lao.

Tulingoja saa saba na nusu. Mimi nilitembea kwenye korido. Shemeji alikaa mahali pamoja, mikono juu ya magoti, kama anayesikiliza kitasa. Nilipochoka nikakaa karibu naye.

Daktari akatoka, barakoa shingoni. Uvimbe wote umetoka. Kingo za pale alipokata ni safi. Hakuna kilichosambaa. Aliyasema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulikuwa tunamtazama tu. Shemeji aliinama akajifunga kamba za viatu, vile viatu visivyo na kamba.

Ijumaa, 13 Machi

Amelala. Sisi pia.

Jumatatu, 16 Machi

Leo amekalishwa kitandani, mito mitatu nyuma. Ana bandeji shingoni na tundu dogo la kupumulia, na uso umemshuka, lakini macho ni ya darasani. Wodi ina vitanda sita. Nesi wa zamu ni mkali. Ametuambia mlangoni kwamba mgonjwa wetu hatakiwi kusemeshwa wala kuchoshwa, dakika kumi, basi.

Tulikaa pembeni, mimi na shemeji na Mama, mikono mapajani. Dada alitutazama mmoja mmoja. Akanyoosha mkono, shemeji akampa simu. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akifuta na kurudia. Aliyeweka sauti ya simu juu kabisa ni mimi, nilisahau kuishusha.

"Mbona mmekaa kama mnasubiri basi? Sogeeni."

Wagonjwa watano waligeuka. Mama alishika ukingo wa kitanda. Shemeji hakusogea, alikuwa ameduwaa anaangalia mdomo wa dada uliofungwa.

Nesi alitokea mwisho wa wodi, viatu vikigonga sakafu.

"Nani huyo anapiga kelele kwa mgonjwa? Nimesema nini mimi?"

Tulitazamana. Nikafungua mdomo nijieleze. Dada akaninyamazisha kwa kiganja, akainama juu ya simu. Nesi alisimama mguuni mwa kitanda, mikono kiunoni, akitupitia mmoja mmoja kumtafuta mwenye ile sauti.

"Ni mimi, nesi," akasema dada.